Baiskeli Ikiharibika Jioni: Hotuba kwa Wanachama Baada ya Msafara wa Kibada

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika mchezo huu, mafundi wetu wa Kurasini na Kigamboni mliokubali kufunga kazi mapema ili muwe nasi, ndugu wanachama, kaka na dada zangu: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya msafara wa Jumatano iliyopita, uliotoka Kurasini saa 11 jioni ukiwa na nia ya kurudi saa 1 usiku, ukarudi saa 4 kasorobo. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Hata hivyo maneno yamekuwa mengi tangu siku ile. Wako wanaosema tuache kabisa kutoka jioni, wako wanaosema wenye baiskeli za mtumba wabaki nyumbani hadi wapate nzuri zaidi, na wako wanaoamini kwamba wenye miguu mizuri wangeruhusiwa kuondoka mapema, basi nusu ya watu wangefika makwao kwa wakati. Siku ile nilikuwa mfunga msafara, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kutoka nyuma, mahali ambapo kila kilichoharibika kilisimama mbele ya macho yangu. Nimekuja kutetea jambo moja tu: baiskeli ya mtu mmoja ikiharibika jioni, imeharibika kwa msafara mzima, na safari yetu lazima ipangwe tangu mwanzo ikiwa na nafasi ya uharibifu ndani yake.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo linalotutawala. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la huku haliagi kwa muda mrefu. Mwezi Juni huzama muda mfupi baada ya saa 12 na robo jioni, Februari huchelewa hadi karibu saa 12 na dakika 45, na tofauti ya mwaka mzima haizidi sana nusu saa. Likishazama, mwanga wa kumwezesha mtu kuona shimo barabarani hudumu dakika 20 na ushei, kisha giza linaingia moja kwa moja. Wenzetu wa London au Copenhagen, wakati wa kiangazi chao, hupanda baiskeli baada ya kazi wakiwa na saa nyingi za mwanga mbele yao, na ushauri mwingi tunaousoma juu ya misafara ya jioni uliandikwa na watu wenye jioni za namna hiyo. Sisi tunaokutana mguuni mwa daraja saa 11 tuna saa moja na nusu hivi, na siku nyingine hatuna hata hiyo. Pancha moja, ikishughulikiwa na mtu mwenye mkono mwepesi, hula dakika 10. Ikishughulikiwa na mtu mwenye wasiwasi na pampu ndogo ya mfukoni, hula hata dakika 25. Pancha mbili za aina hiyo ya pili zinatosha kabisa kuutoa msafara kwenye mwanga na kuuingiza gizani ukiwa bado upande wa mbali.

Njia yetu mnaijua. Tunavuka Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa Aprili 2016, tunapita Kibada, tunashika barabara ya kuelekea Mwasonga, kisha tunageuza. Tuliichagua njia hiyo kwa sababu Barabara ya Bagamoyo saa za jioni imejaa watu wanaorudi Tegeta na Bunju, na mwendesha baiskeli huko hubanwa kati ya daladala na mtaro. Kigamboni kuna nafasi na kuna upepo wa bahari. Kuna pia malori: ya mafuta yanayotoka kwenye maghala, ya mchanga, ya kokoto. Tairi la lori likipasuka, vipande vyake huachwa pembezoni mwa lami, na ndani ya vipande hivyo mna nyuzi nyembamba za chuma ambazo jua na magurudumu huzichambua hadi zikabaki zimetawanyika pale pale tunapopita sisi, kwenye ukingo wa kushoto.

Uzi mmoja wa aina hiyo ndio uliotusimamisha mara ya kwanza, muda mfupi baada ya Kibada. Kijana wetu mmoja alitobokewa na tairi la nyuma, akashuka, akabadilisha tyubu kwa haraka ya kupendeza, tukampongeza, tukaondoka. Hatukumaliza hata nusu kilomita, tairi likalala tena. Hapo ndipo mzee wetu mmoja, ambaye leo ameketi safu ya mbele na hataki nimtaje, alipoomba apewe tairi lile mkononi. Hakuwa na haraka. Alilitoa lote kwenye rimu, akaligeuza ndani nje, akachukua kitambaa laini na kukipitisha polepole upande wa ndani, kuzunguka tairi zima, huku akisikiliza kwa vidole. Kitambaa kilinasa. Pale kiliponasa palikuwa na ncha ya uzi wa chuma usiofika hata nusu milimita kwa unene, iliyochomoza kama milimita 2 hivi kuelekea ndani, na kwa nje haikuonekana kabisa. Tuliutoa kwa kikata kucha, maana koleo hatukuwa nayo. Tyubu ya kwanza ilikuwa imetobolewa na uzi huo, ya pili ikatobolewa na uzi huo huo mahali pale pale, na kama mzee asingelichunguza tairi, ya tatu nayo ingekwenda.

Naomba kila mmoja wetu alichukue jambo hili kwa uzito. Tyubu mpya ndani ya tairi ambalo halijachunguzwa ni tyubu iliyokwisha kupotea. Na kidole kisitumike kwa pupa, kwa sababu ncha hiyo hukata. Kitambaa kinatosha, na ukikosa kitambaa, soksi. Ukiitazama tyubu iliyotoboka nayo itakueleza. Tundu moja dogo upande wa nje lina maana ya kitu kilichochoma, kwa hiyo kitafute kwenye tairi. Matundu mawili yaliyo jirani, sambamba, yana maana kwamba gurudumu liligonga ukingo wa shimo na rimu ikaibana tyubu, na hapo tairi halina kosa, upepo ndio uliokuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, unaolalia rimu, lina maana ya mkanda wa rimu uliosogea ukaacha wazi tundu la spoki. Anayejua kusoma matundu haya hutengeneza mara moja, na jioni, kutengeneza mara moja ndiko kunakotufikisha nyumbani.

Mnyororo ulikatika tukiwa tumeshaanza kurudi. Dada yetu mmoja, mwanachama mpya, alibadilisha gia huku akikandamiza pedeli kwa nguvu zote kwenye kilima kidogo, na mnyororo uliokuwa umeanza kuachia kwenye pini moja ukaachia kabisa. Mnyororo uliokatika si jambo la kutisha. Pini hutolewa, kiungo kilichopinda huondolewa, na kiungo cha akiba kikifungwa baiskeli huondoka. Watu watatu walitoa viungo vya akiba mfukoni kwa moyo mzuri kabisa. Kimoja kilikuwa cha baiskeli ya gia 8 za nyuma, kimoja cha gia 10, kimoja cha gia 11. Ya dada yetu ina gia 9. Kadiri gia za nyuma zinavyoongezeka idadi ndivyo mnyororo unavyofanywa mwembamba ili upite kati yazo, kwa hiyo kiungo cha 8 kilikuwa kipana mno na viungo vya 10 na 11 vilikuwa vyembamba mno. Tulilazimika kuufupisha mnyororo wenyewe kwa kutumia kile kifaa cha kusukumia pini, jua likiwa limekwisha kuzama, watu wawili wakimulika kwa simu na mmoja akikamata ncha mbili za mnyororo ili zisiruke. Kisha tukamweleza dada asitumie meno makubwa ya mbele pamoja na makubwa ya nyuma, kwa kuwa mnyororo mfupi ukinyooshwa hivyo unaweza kuking'oa kifaa cha kubadilishia gia. Alisikiliza, akaendesha hivyo hadi Kurasini, na mnyororo haukutusumbua tena.

Wakati sote tumeinama juu ya mnyororo huo, baiskeli nyingine iliyokuwa imeegemezwa kwenye nguzo iliteleza ikaanguka upande wa gia. Mwenyewe aliiokota, akaifuta vumbi, akaiegemeza tena. Hakuna aliyeitazama kwa nyuma kuona kama kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kifaa cha gia bado kimenyooka. Kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Tulipoondoka na mwenzetu akaweka gia nyepesi kuliko zote, kifaa kikaingia kwenye spoki za gurudumu linalozunguka, kikavunja spoki mbili na chenyewe kikakatika. Huo ndio uharibifu ambao hautengenezeki barabarani usiku. Mwenzetu na baiskeli yake walipakiwa kwenye bajaji. Kipande kile hufanywa laini makusudi, ili kipinde au kikatike chenyewe badala ya fremu, na mtu akikitazama kwa sekunde chache kutoka nyuma, akalinganisha kama kimesimama sambamba na gurudumu, atajua. Baiskeli iliyoanguka upande wa kulia isipandwe kabla ya kutazamwa hivyo. Na tukiegemeza baiskeli, upande wa gia uwe ndani au ilazwe chini upande wa kushoto. Ninalisema jambo dogo kama hili kwa sauti kubwa kwa sababu ndilo lililotugharimu zaidi usiku ule kuliko yote.

Taa ndizo zilizofuata. Taa nyingi tunazotumia ni za kuchaji, na mwenye nayo huichaji kulingana na urefu wa safari iliyopangwa, si safari itakayotokea. Kufikia saa 2 na nusu taa kadhaa za nyuma zilikuwa zimezimika. Tuliwapanga wenzetu mstari mmoja, wenye taa nyekundu zinazowaka wakiwa wa mwisho na mmoja katikati, wenye taa nyeupe zenye nguvu wakiwa mbele, na tukaenda mwendo wa yule aliyechoka kuliko wote. Ulikuwa mwendo mdogo, lakini ulikuwa sahihi. Dereva wa lori anayetukuta gizani hahesabu tuko wangapi. Anaona mwanga au haoni.

Sasa nije kwenye lile ambalo limezungumzwa kwa sauti ya chini, nami nitalisema waziwazi, bila kumlaumu mtu kwa jina. Baada ya pancha ya pili, baadhi ya wenzetu waliomba ruhusa wakaondoka. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu za mtu anayesubiriwa na watoto nyumbani nazijua na ninaziheshimu. Lakini wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliyebaki na kanda lile nataka mjue lilikuwa na nini ndani yake. Pampu ndefu pekee iliyokuwepo iliondoka na mwenzetu mmoja. Tyubu mbili zenye valvu nyembamba, za saizi iliyokuwa inatakiwa, ziliondoka katika mfuko wa mwingine. Mtu anapojitenga na msafara hatoki na miguu yake tu. Anatoka na vifaa, na ujuzi, na taa ya nyuma inayowaka. Waliobaki hupungukiwa kuliko hesabu ya vichwa inavyoonyesha.

Mmenisikia nikitaja valvu. Baiskeli zetu hapa ni mchanganyiko: ziko Phoenix za wazee, ziko za mtumba zilizoshushwa kutoka Japani na Ulaya, ziko mpya za mashindano. Phoenix ina valvu yake ya zamani, baiskeli nyingi za milimani zina valvu nene kama ya gari, na baiskeli za mbio zina valvu nyembamba yenye kinati kidogo juu kinachofunguliwa kabla ya kujaza upepo. Kompresa ya kituo cha mafuta imetengenezwa kwa valvu ya gari. Tulifika kituo kimoja tukiwa na tairi lililolala na upepo mwingi wa bure mbele yetu, na usingeingia, mpaka kijana mmoja alipokumbuka kwamba ana kichwa cha shaba cha kubadilishia, kile kidogo kinachotosha juu ya kucha ya kidole gumba, amekifunga kwenye ufunguo wa nyumba. Kichwa hicho ni cha bei ndogo sana, na wauza vipuri wengi wa Kariakoo wanacho. Kinati cha valvu kikifunguliwa, kichwa kikafungwa juu yake, kompresa inafanya kazi. Tairi jembamba la milimita 25 lenye kubeba mtu wa uzito wa wastani linahitaji upepo wa kama psi 80 na zaidi kidogo, psi kikiwa kipimo cha shinikizo la upepo, kwa hiyo kompresa itumiwe kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, si kwa kuikandamiza mpaka tairi lipasuke.

Kwa wale wanaosema kila mtu abebe msalaba wake, nitawakumbusha habari ya Eugène Christophe. Katika Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ya mwaka 1913, alipokuwa akishuka mlima Tourmalet akiwa na nafasi nzuri ya ushindi, uma wa mbele wa baiskeli yake ulivunjika. Sheria za siku zile zilikataza msaada wowote. Aliibeba baiskeli kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma wake kwa mikono yake mwenyewe huku waamuzi wamesimama wakimtazama, na baada ya yote hayo akaadhibiwa kwa kuongezewa dakika, kwa sababu mvulana mmoja alimsaidia kuvukuta moto. Watu humsimulia Christophe kama shujaa, na ni haki yake. Lakini msisahau kwamba waliotunga sheria ile walikuwa wanaendesha mashindano na walitaka kujua nani ana nguvu. Sisi hatushindani Jumatano jioni. Sheria yetu inapaswa kuwa kinyume kabisa cha ile: mvulana wa kuvukuta moto awepo, na asiwe mmoja.

Hata katika mashindano yenyewe mambo yalibadilika, na bado uharibifu haukwisha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikuwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France tarehe 14 Julai 2016 aliposhambuliwa na bahati mbaya kwenye mlima Ventoux: pikipiki iliyosimamishwa na umati ilimwangusha, baiskeli ikaharibika, na gari la timu yake likawa limekwama nyuma. Alikimbia mlima kwa miguu, akapewa baiskeli isiyomfaa, akapewa nyingine. Timu tajiri, mafundi hodari, magari ya vipuri, na kwa dakika kadhaa mtu yule hakuwa na kitu isipokuwa viatu vyake. Hakuna baiskeli ya bei yoyote inayomwondolea mtu haja ya kuwa na wenzake karibu. Kwa hiyo pendekezo la kuwafungia nje wenye baiskeli za mtumba nalikataa kwa moyo wangu wote. Baiskeli iliyotuweka zaidi Jumatano, ile iliyopakiwa kwenye bajaji, ilikuwa ya bei kubwa. Phoenix mbili zilizokuwepo zilirudi bila hata kulegea nati.

Froome huyo alijifunza kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli na mwalimu wa mbio wa Kenya, huko Kikuyu nje ya Nairobi, mahali ambapo vijana wanaojifunza mbio hujifunza pia kuishika spana. Hilo ndilo ninalolitamani hapa kwetu, na ndiyo sababu mafundi wameketi nasi leo. Fundi wa chini ya mwembe anajua kunyoosha gurudumu kwa kukaza na kulegeza spoki huku akilitazama likipita kwenye mpira wa breki. Wengi wetu tulio na baiskeli za mamilioni hatujui. Uongozi umekubali kwamba Jumamosi moja kila mwezi tutakaa nao, tutawalipa siku yao kama tunavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote, na kila mwanachama atafungua gurudumu lake la nyuma, atatoa tairi na kulirudisha, mpaka aweze kufanya hivyo akiwa amefumba macho. Nasema kufumba macho kwa sababu hivyo ndivyo jioni inavyotutaka.

Nakuja kwenye mpango wenyewe. Hatutageuza tena kwa kufuata mahali. Tutageuza kwa saa. Ikifika saa 12 kamili jioni, popote msafara ulipo, unageuka, hata kama Mwasonga iko mbele kidogo tu. Ikitokea pancha kabla ya hapo, muda wa pancha unatolewa kwenye umbali wa kwenda. Mfunga msafara ndiye atakayebeba mfuko mkubwa: pampu ndefu, tyubu za saizi mbili, viraka na gundi, kifaa cha pini, viungo vya mnyororo vya gia 8, 9, 10 na 11, kichwa cha shaba, kitambaa, na taa ya nyuma ya akiba. Mfuko huo ni mali ya klabu, hauondoki na mtu. Katibu ataandika idadi ya gia na aina ya valvu ya kila mwanachama, ili tujue tumebeba kitu cha nani. Mwenye dharura ya kurudi mapema aseme kabla hatujavuka daraja, apangiwe mwenzake wa kurudi naye, na aulizwe amebeba nini ambacho wengine watakihitaji. Na msafara ukisimama, watu wawili wasimame nyuma ya kundi, mita 30 hivi, na taa zao zikiwa zimeelekezwa kwa magari yanayokuja. Wengine wote watoke kwenye lami kabisa, na baiskeli pia.

Jumatano ijayo tunakutana saa 10 na nusu, nusu saa kabla ya kuondoka, upande wa Kurasini. Mafundi wawili watakuwepo kukagua breki, upepo, mnyororo na kile kipande cha alumini cha nyuma. Asiye na taa ya nyuma iliyojaa chaji hatavuka daraja jioni hiyo. Atasaidia ukaguzi, na atakuja Jumatano inayofuata nayo ikiwaka.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwakaribisha mafundi waseme nao, kisha tupokee maswali.